Maneno ya Umri katika Kiingereza cha Maandishi

Kuna mambo mawili ambayo binadamu hakushauriwa: siku ya kuzaliwa kwake na mwendo wa miaka yake. Hayo huja yenyewe. Lakini jambo la tatu limo mikononi mwetu sote, nalo ni maneno tunayotumia kuieleza hiyo miaka. Neno la umri likitumiwa vema humpa mtu mahali pake katika watu. Likitumiwa vibaya humwondoa mahali hapo, na mara nyingine humnyima haki yake, kama nitakavyoonyesha.

Yamkini msomaji atashangaa kuona mwalimu wa Kiswahili ameshika kalamu kusema habari za Kiingereza. Sababu yangu si ya kutafutwa mbali. Tasnifu nyingi zinazoandikwa katika vyuo vyetu vikuu juu ya wazee, vijana na watoto huandikwa kwa Kiingereza, na fomu nyingi za ofisi vivyo hivyo. Lakini watu wanaosemwa ndani yake huishi kwa Kiswahili, huulizwa maswali kwa Kiswahili, na mwisho huelezwa kwa Kiswahili yale yaliyoamuliwa juu yao. Kazi ya kuyavusha maneno hayo kutoka ng'ambo moja hadi nyingine aghalabu huwaangukia watu wa namna yangu, na mvushaji hana budi kujua kina cha maji pande zote mbili. Nimeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 15, na niliyoyaona ndiyo ninayoyaweka hapa mbele ya wanafunzi na wanazuoni.

Na tuanze na neno dogo kuliko yote, "old". Waingereza wamelitwika neno hili mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni uzee. Mzigo wa pili ni ukale, yaani kuwa wa zamani. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha ushairi aliomba nafasi katika chuo cha ng'ambo, akaandika kwa Kiingereza kwamba mapenzi yake ya fasihi aliyapata kwa "my old lecturer". Alitaka kusema mwalimu wake wa zamani. Baada ya miezi michache nilipata barua ya adabu kutoka chuo hicho. Mwandishi wake alinishukuru kwa kazi ya maisha yangu, akanitakia mapumziko mema ya uzeeni. Wakati huo nilikuwa sijatimiza miaka 42. Nilicheka, kisha nikaitumia barua hiyo darasani. Kwa Kiswahili mwalimu wa zamani na mwalimu mzee hawakutani njiani hata siku moja. Kila mmoja ana neno lake. Kwa Kiingereza hukaa chumba kimoja, na mwandishi asipowatenga, msomaji atamtoa yule asiyetakiwa. Dawa yake ni rahisi: anayetaka kusema "wa zamani" aandike "former", na "old" aliachie kazi yake nyingine.

Ajabu ya pili ni ya sarufi. Kiingereza kikitaka kuzidisha sifa ya kitu huongeza silabi mwishoni mwake: kirefu huwa kirefu zaidi, chenye nguvu huwa chenye nguvu zaidi. Kwa hiyo mtu angedhani kwamba "an older man" ni mzee zaidi kuliko "an old man". Lakini kinyume chake ndicho kweli. Huyo wa kwanza ni mtu aliyeanza tu kuuona uzee, na huyo wa pili amekwisha kuufikia. Ongezeko limegeuka punguzo. Siri yake ni kwamba ulinganisho huu hauna upande wa pili. Mkubwa kuliko nani? Mwandishi hasemi, na katika kutosema kwake humo heshima imejificha. Katika barua au hadithi, heshima hiyo ni nzuri. Katika tasnifu ni pazia. Mwanafunzi akiniletea sentensi isemayo kwamba watu wakubwa zaidi hupata ugonjwa fulani mara nyingi, humwuliza: wakubwa kuliko akina nani, na wana miaka mingapi? Akikosa jibu, sentensi yake haijazaliwa.

Tukichimba mizizi tutaona mengi zaidi. Kilatini kina neno "senex", maana yake mzee. Katika mzizi huo Kiingereza kilichuma maneno matatu: "senior", jina la mwenye cheo, "senate", jina la baraza kuu, na "senile", jina la mtu ambaye uzee umemwondolea fahamu. Mzizi ni mmoja, lakini tunda moja liliwekwa juu ya meza ya heshima na jingine likatupwa nje. Tusiwacheke Waingereza, maana na sisi tumefanya hivyo hivyo. Katika Kiarabu tulichukua neno la mzee mwenye elimu tukalifanya shehe, tukaliheshimu. Katika lugha hiyo hiyo tulichukua ajuza, yaani mwanamke mkongwe, na mzizi wake ni ule ule wa ajizi, ambao asili yake ni kushindwa na kukosa nguvu. Mwanamume akapewa elimu, mwanamke akapewa udhaifu, na wote wawili ni wazee.

Juu ya maneno haya yote limesimama neno letu mzee. Hapa ndipo mvushaji hupata taabu kubwa. Mzee kwa Kiswahili ni umri, lakini pia ni cheo. Kijana wa miaka 30 aweza kumwita mwenziwe mzee kwa mzaha wa mapenzi. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee na taifa zima. Baba huitwa mzee na watoto wake hata akiwa na nguvu za kubeba magunia. Nani awezaye kuliweka neno hili katika Kiingereza bila kulivunja? Ukiandika "old man" umemtukana. Ukiandika "elder" umempeleka kanisani au katika baraza la kabila. Nimejifunza kwamba mahali pengine tafsiri ya kweli ni kuliacha neno letu kama lilivyo, na kulieleza mara moja kwa maneno machache.

Sasa nitasema habari za neno ambalo limezusha ubishi mwingi katika maandishi ya Kiingereza ya wakati wetu, nalo ni "elderly". Neno hili lilikuwa la adabu. Watu walilitumia ili wasiseme "old". Lakini adabu ya maneno huchakaa kama nguo inayovaliwa kila siku. Likachakaa zaidi lilipotiwa kitambulishi mbele yake na kugeuzwa nomino ya jumla, "the elderly", kana kwamba wazee wote ni shehena moja iliyopakiwa jahazini. Mwaka wa 1990 Umoja wa Mataifa ulipotenga tarehe 1 Oktoba iwe siku ya wazee, jina la siku hiyo lilikuwa na neno hilo. Baadaye jina lilibadilishwa, ikawa siku ya "Older Persons". Mwaka wa 1995 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni ilieleza katika waraka wake kwamba imelichagua jina hili la pili, na ya kwamba kwa hesabu za Umoja wa Mataifa maana yake ni watu wa miaka 60 na kuendelea, ingawa watakwimu wa Jumuiya ya Ulaya huanza hesabu yao katika miaka 65. Mwongozo wa uandishi wa Jumuiya ya Wanasaikolojia wa Marekani, chapa ya saba ya mwaka wa 2020, nao huwashauri waandishi waepuke "the elderly" na "the aged", na watumie maneno yanayotaja kwanza kwamba hawa ni watu.

Wako wasemao kwamba huu ni upuuzi, ya kuwa kubadilisha jina hakumwondolei mtu mvi hata moja. Nakubali nusu ya neno lao. Jina jipya nalo litachakaa siku moja, na wajukuu wetu watatafuta jingine. Lakini nusu ya pili siikubali. Tofauti kati ya "wazee" na "watu wenye miaka 60 hadi 74" si tofauti ya adabu tu. Ni tofauti ya ukweli. Mtu wa miaka 61 alimaye shamba lake na mtu wa miaka 93 alishwaye kitandani, ukiwatia katika neno moja, lolote utakalosema juu yao litakuwa uongo kwa mmoja wao. Tarakimu haina matusi ndani yake wala sifa, na kwa sababu hiyo ndiyo heshima iliyo bora katika maandishi ya elimu.

Lakini tarakimu nayo hutaka ulinzi. Shangazi yangu alizaliwa katika juma la uhuru, Desemba 1961, basi umri wake ulijulikana na kijiji kizima bila ya cheti. Macho yake yalipata mtoto wa jicho. Alipotimiza miaka 60 alikwenda katika hospitali moja, Januari 2022, akitumaini msamaha wa malipo uliowekwa kwa wazee wasio na uwezo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka wa 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Lakini fomu iliyokuwa dirishani iliandikwa kwa Kiingereza, nayo ilisema "over 60". Karani alikuwa kijana mpole, asiye na nia mbaya. Aliisoma fomu kama ilivyoandikwa: zaidi ya 60 ni 61, na bibi huyu ana 60. Shangazi akarudishwa aje mwaka ujao. Miezi saba alipapasa kuta za nyumba yake, mpaka ofisa mmoja wa ustawi wa jamii alipoilinganisha fomu na sera akaona kasoro. Alipasuliwa Agosti, akaona. Sijui ni nani aliyeiandika fomu ile, wala simtafuti. Najua tu kwamba kama angeandika "60 and over", mwanamke mmoja angaliyaona mavuno ya mwaka ule kwa macho yake mwenyewe.

Basi mwandishi wa Kiingereza na ajichunge hapa kwa makini. "Over 60" haimchukui mwenye 60. "60 and over" humchukua. "Under 18" humwacha nje mwenye 18. "Between 18 and 35" haisemi kama mipaka imo ndani au imebaki nje, na ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 haikuliachia jambo hili bahati, bali ilitamka wazi kwamba kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Tena mtu aliye katika mwaka wake wa sitini, "in her sixtieth year", ana miaka 59, maana mwaka wa kwanza wa mtu ni ule kabla hajatimiza hata mmoja. Na katika vistari vidogo pia mna hatari. Andika "two-year-old children", nasi tutaona watoto wa miaka miwili, idadi yao haijulikani. Hamisha kistari uandike "two year-old children", nao wamekuwa watoto wawili wa mwaka mmoja mmoja. Kiswahili hakiwezi kukosea hapa, kwa sababu ngeli zetu hushika kila neno mkono na kulipeleka kwa mwenyewe. Kiingereza hakina ngeli. Kina kistari tu, na kistari ni mlinzi alalaye.

Majina ya umri nayo hubadilika kwa sheria na kwa mahali. Katika sheria ya Uingereza mtu aliitwa "infant" mpaka alipotimiza miaka 21, ingawa asili ya neno hilo kwa Kilatini ni asiyeweza kusema. Sheria ya mwaka wa 1969 iliushusha umri wa utu uzima hadi miaka 18 kuanzia tarehe 1 Januari 1970, ikaruhusu pia mtu wa chini ya umri huo aitwe "minor". Asomaye hukumu za zamani bila kujua hili atadhani mahakama za London zilijaa vichanga wenye madeni ya washona nguo. Na neno "youth" leo ni hivyo hivyo. Takwimu za Umoja wa Mataifa hulihesabu kutoka miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka wa 2006 hulihesabu kutoka 15 hadi 35. Mtu wa miaka 30 ni kijana Addis Ababa na si kijana New York, wala hakupanda ndege. Anayelinganisha tarakimu za ripoti mbili bila kutazama mipaka hii hujenga nyumba juu ya povu.

Kuna kosa jingine ambalo hulikuta katika tasnifu nyingi, nalo si la msamiati peke yake. Wanafunzi husoma kwamba zamani wastani wa maisha, "life expectancy", ulikuwa miaka 40, kisha huandika kwamba watu wa zamani walizeeka na kufa wakiwa na miaka 40. Hebu tufanye hesabu ndogo. Watoto wawili wamezaliwa siku moja. Mmoja amekufa siku ile ile, mwenziwe ameishi miaka 80. Wastani wao ni miaka 40, wala hapana hata mmoja aliyekufa kwa umri huo. Wastani mdogo wa zamani ulishushwa hasa na makaburi mengi ya watoto wachanga. Walioponea utoto, wengi wao waliota mvi, na ndiyo sababu babu zetu walikuwa na maneno ya vikongwe na mashaibu. Lugha haitungi jina la kitu ambacho haijakiona.

Neno la uzee lilipata kufikishwa mbele ya baraza kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandaa orodha mpya ya magonjwa, ya kumi na moja, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake palikusudiwa kuandikwa "old age" mahali pa neno la kale "senility". Wanazuoni na vyama vya watu wengi walipinga, wakasema kwamba uzee ukiandikwa katika orodha ya magonjwa, daktari atapata ruhusa ya kutotafuta ugonjwa wenyewe. Shirika likaliondoa, likaweka maneno marefu yanayotaja kupungua kwa uwezo wa mwili kunakofuatana na umri. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Malkia Elizabeth wa Pili alifariki akiwa na miaka 96, na cheti cha kifo chake kilichotolewa Uskoti kilitaja sababu moja tu, "old age". Sioni ubaya katika cheti hicho. Lakini naona hatari iliyowasumbua wale waliopinga, maana wangapi katika vijiji vyetu wameambiwa "ni uzee tu" kwa maumivu ambayo yalikuwa na jina na yalikuwa na dawa?

Nimelibakiza mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Katika mikoa ya Usukuma, tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, wanawake wengi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mara nyingi ushahidi uliotolewa juu yao ulikuwa macho mekundu, na wekundu huo ulikuwa wa moshi wa miaka mingi jikoni. Magazeti yetu yaliyaita mauaji ya vikongwe. Baadhi ya maandishi ya Kiingereza yameyaita "witch killings", yaani mauaji ya wachawi. Tazama mambo yaliyotendeka hapa. Neno letu limemwondoa marehemu katika ngeli ya mama, bibi na shangazi, likamtia katika ngeli ya vitu. Najua kwamba kijana na kiongozi nao wamo katika ngeli hiyo wala hawatukanwi; lakini kikongwe hasemwi kwa sauti ile isemwayo kiongozi. Neno la Kiingereza limefanya zaidi: limempa aliyeuawa jina alilopewa na muuaji wake.

Nani asemaye kweli? Mwaka wa 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake juu ya wilaya ya Meatu. Alionyesha kwamba katika miaka ya mvua mbaya, iwe ya ukame au ya mafuriko, mauaji ya namna hiyo yaliongezeka yapata mara mbili, na mauaji mengine hayakuongezeka. Basi kilichowaua kina mama wale kilikuwa njaa ya nyumbani na woga, navyo vilitafuta kisingizio. Kisingizio kilikuwa tayari katika lugha. Mwandishi aandikaye "women over 60 accused of witchcraft and murdered" ametumia maneno mengi kidogo, lakini amesema ukweli wote: ni wanawake, wana umri huu, walisingiziwa, waliuawa.

Mimi mwenyewe nimo katikati ya safari. Kijana wa mikataba sisemwi tena, na mzee wa sera bado. Kiingereza huniita "middle-aged", jina ambalo wenyewe hawalipendi. Kiswahili huniita mtu wa makamo, jina ambalo sina ugomvi nalo. Nikijaliwa, nami nitafika katika dirisha lile alilofika shangazi yangu, na karani ambaye labda yuko shule ya msingi leo atanipima kwa maneno ambayo wanafunzi wetu wa sasa wanayaandika. Kwa hiyo ushauri ninaowapa si wa hisani kwa wazee peke yao. Taja miaka kwa tarakimu kila iwezekanapo. Sema wazi kama mpaka umo ndani au uko nje. Tofautisha uzee na ukale, uzee na ugonjwa, uzee na unyonge. Kisha sentensi ikikwisha, itafsiri kimoyomoyo kwa Kiswahili, uone kama ungeweza kuisoma kwa sauti mbele ya yule unayemwandika. Ikiwa ulimi unakwama, rudi ukaiandike upya, na Kiingereza chako kitakuwa safi zaidi kwa kazi hiyo.